Ubaguzi wa rangi kwa watoto: wanazaliwa nao au wanajifunza?

Tulikuwa kwenye foleni ya kumwona daktari. Mtoto wa miaka kama minne, aliyepakatwa na mama yake, alinyoosha mkono akaugusa mkono wa mwanamke aliyeketi kando yao, ambaye rangi ya ngozi yake ilikuwa mbali kabisa na ya mtoto. Akausugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akausugua tena. Kisha akauliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Mama, mbona haitoki?" Mama akamfinya paja, akamvuta upande wa pili, akainamisha uso kwa aibu. Yule mwanamke alikuwa anatabasamu, lakini mtoto hakuliona tabasamu hilo. Macho yake yalikuwa kwa mama.

Mimi nafundisha chekechea, na kisa hicho nakikumbuka kila mzazi anaponiuliza swali hili. Watu wawili wangeweza kutoka pale kila mmoja na ushahidi wake mkononi. Mmoja angesema: mnaona? Hakuna aliyemfundisha, na rangi ameiona mwenyewe. Mwingine angesema: mnaona? Ndiyo kwanza anafundishwa, na somo lenyewe ni lile finyo.

Methali zetu nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka, kisha tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hatuoni tabu kuzitumia zote mbili ndani ya wiki moja. Kwa mambo mengine hilo halina madhara. Kwa hili lina madhara, kwa sababu jibu utakalolishika ndilo litakaloamua utafanya nini siku mtoto wako atakaponyoosha kidole. Kwa hiyo nitaziweka hoja hizi mbili kando kwa kando, ile ya hulka na ile ya malezi, na sitaficha mwisho wake nimesimama wapi.

Vitenzi vitatu vinavyochanganywa

Nusu ya ubishi huu hutokana na kuita kwa jina moja mambo matatu tofauti. Kuna kutambua: kuona kwamba sura hii si kama ile. Kuna kupendelea: kuvutwa zaidi na hii kuliko ile. Na kuna kubagua: kuamua kwamba hii ni bora, ile ni duni, na kutenda hivyo. Neno lenyewe "bagua" kwa asili ni kutenga tu kitu na kingine, na labda ndiyo maana tunateleza kirahisi kutoka kutenga kwa macho hadi kutenga kwa chuki. Anayetetea hulka mara nyingi huleta ushahidi wa kutambua, kisha akahitimisha juu ya kubagua. Anayetetea malezi naye hutazama kubagua peke yake, akakana hata kutambua, akasema "watoto hawaoni rangi". Wanaona. Muulize mwalimu yeyote wa chekechea.

Miezi ya mwanzo

Hapa ndipo watu wengi hudhani upande wa hulka utashinda, maana mtoto mchanga bado hajasikia neno la mtu. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na David Kelly waliwaonyesha watoto wachanga Wazungu picha za sura za watu wa asili mbalimbali, wakapima ni sura ipi wanaitazama kwa muda mrefu zaidi. Waliozaliwa siku chache tu hawakuonyesha upendeleo wowote. Wa miezi mitatu walitazama zaidi sura zinazofanana na za watu wao.

Kwa hiyo kitu hicho hakikuwepo siku ya kwanza, na kufikia mwezi wa tatu kipo. Je, ni hulka iliyokuwa ikisubiri kuiva, kama meno? Utafiti wa Yair Bar-Haim na wenzake, uliotoka 2006, ulijibu kwa namna ambayo mimi sijaona jibu zuri zaidi. Walichukua makundi matatu ya watoto wa miezi mitatu: watoto Wazungu wa Israeli, watoto Waafrika wa Ethiopia, na watoto wa asili ya Ethiopia waliokuwa wakilelewa Israeli katika vituo vya kupokelea wahamiaji, ambako kila siku waliona sura za aina zote mbili. Makundi mawili ya kwanza kila moja lilitazama zaidi sura za watu wake. Kundi la tatu halikupendelea upande wowote. Hao walikuwa na asili moja na watoto wa Ethiopia. Kilichotofautiana ni sura zilizowainamia kila siku.

Tena jicho la mtoto hunolewa na kile anachokiona. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba watoto wa miezi sita wanaweza kutofautisha sura ya nyani mmoja na nyani mwingine, na kwamba wa miezi tisa hawawezi tena, maana uwezo huo haukutumika. Kwa sura za binadamu wa asili nyingine hutokea jambo la namna hiyohiyo kati ya mwezi wa tatu na wa tisa: mtoto aliyezungukwa na aina moja ya watu huanza kuwaona wengine "wote sawa". Halafu angalia kinachotokea mazingira yakibadilika. Wakorea waliopelekwa Ufaransa wakiwa watoto na kulelewa na familia za Kizungu walipimwa wakiwa watu wazima, matokeo yakatolewa 2005: walitambua sura za Wazungu vizuri zaidi kuliko za Waasia, kama Mfaransa yeyote.

Nasema wazi kwamba katika kipengele hiki malezi yameshinda. Lakini si malezi kwa maana ya kufundishwa. Hakuna mzazi aliyemwambia mtoto wa miezi mitatu atazame nini. Ni mazoea. Na mazoea hayo hayabaki machoni tu: utafiti wa timu ya Kang Lee kwa watoto wachanga wa China uliona kwamba wanapokaribia miezi tisa huanza kuzihusisha sura za watu wao na muziki wa furaha, na sura za wageni na muziki wa huzuni, jambo ambalo wadogo zaidi hawakulionyesha. Mzazi anayesema "wangu bado mdogo, tutazungumza akianza shule" ajue kwamba mtoto ameshaanza bila yeye.

Hoja nzito za upande wa hulka

Ningekuwa sitendi haki kama ningeuachia upande huu methali ya nyoka peke yake. Una hoja nzito, na kubwa kuliko zote kwangu ni hii ya makundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wavulana wa shule mjini Bristol, wa miaka 14 na 15. Aliwagawa makundi kwa sababu isiyo na uzito wowote, kwa mfano eti huyu amependa picha za mchoraji fulani na yule za mwingine, na ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu. Kisha akawapa nafasi ya kugawa pesa kidogo kwa wenzao bila kuambiwa ni akina nani. Walipendelea kundi lao. Zaidi ya hapo, wengi walikubali kundi lao lipate pungufu ilimradi tofauti kati yao na wale wengine ibaki kubwa. Hawakuwa na historia wala ugomvi, na walikuwa wenzao wa shule moja. Kilichotosha ni "sisi" na "wao".

Ya pili ni hofu. Kuna hali ya kuzaliwa nayo iitwayo sindromu ya Williams, inayotokana na kukosekana kwa kipande kidogo cha kromosomu ya saba. Watoto wenye hali hiyo hawana ile hofu ya kawaida kwa watu wasiowajua. Humwendea mgeni kama wanavyomwendea mjomba. Mwaka 2010 watafiti Andreia Santos, Andreas Meyer-Lindenberg na Christine Deruelle waliwaonyesha picha na kuwauliza, kwa mfano, yupi kati ya hawa wawili ni mtukutu. Watoto wengine Wazungu wa umri wao walielekea sana kumchagua mwenye ngozi nyeusi kuwa mbaya. Wenye sindromu ya Williams hawakufanya hivyo, ingawa mawazo ya kawaida kuhusu wavulana na wasichana walikuwa nayo kama wenzao. Anayetetea hulka atasema: toa hofu ya kuzaliwa, ubaguzi wa rangi unanyauka.

Matokeo hayo nayakubali, ila naona hitimisho linaruka hatua. Watoto wale wengine, wenye hofu ya kawaida, walikuwa wamekulia mahali ambapo ngozi nyeusi ilishapewa maana mbaya. Hofu ni kuni tu, na kuni haziwaki zenyewe.

Hata kuhusu rangi hasa, hulka ina tatizo kubwa. Robert Kurzban, John Tooby na Leda Cosmides walilieleza vizuri mwaka 2001: mababu wa binadamu walitembea kwa miguu, kwa hiyo ni nadra sana wangekutana na mtu wa rangi tofauti na yao. Ubongo haungeweza kujijengea kifaa cha kupambana na kitu ambacho haukuwahi kukutana nacho. Walichokutana nacho ni marafiki na maadui, na huko ndiko ubongo ulikonolewa. Katika majaribio yao, watu wazima walipoonyeshwa timu mbili zilizochanganya rangi za ngozi, kila timu na jezi yake, ndani ya dakika chache walianza kuipa jezi uzito, na uzito wa rangi ya ngozi ukapungua.

Na ile sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo katika tafiti kadhaa za Marekani ilishtuka watu wazima walipoona sura ya mtu mweusi? Eva Telzer na wenzake waliipima mwaka 2013 kwa watoto na vijana wa Marekani wa miaka 4 hadi 16. Kwa watoto wadogo haikushtuka hivyo. Mshtuko ulijitokeza kadiri walivyoingia ujana, na ulikuwa mdogo kwa wale wenye marafiki wa asili mchanganyiko. Kitu cha kuzaliwa nacho hakisubiri miaka 14 kisha kikapungua kwa sababu ya marafiki.

Wanasesere wa akina Clark

Kama ningeruhusiwa kubaki na ushahidi mmoja tu, ningebaki na huu. Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia weusi wa Marekani, waliwaonyesha watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Baadhi ya watoto walisoma shule za weusi watupu kusini, wengine shule za mchanganyiko kaskazini. Matokeo yalichapishwa 1947. Walipoulizwa ni mwanasesere yupi wangependa kucheza naye, takriban theluthi mbili walimchagua mweupe. Walipoulizwa yupi anaonekana mbaya, wengi walimwonyesha wa kahawia.

Kisha likaja swali la mwisho: nipe mwanasesere anayefanana nawe. Clark alisimulia kwamba baadhi ya watoto walikataa kuendelea, wengine walitoka chumbani wakilia. Hebu fikiria mtoto wa miaka mitano ameshamtaja mwanasesere "mbaya", na sasa anatakiwa amnyanyue na kusema huyu ni mimi.

Hapa hoja ya hulka, ile ya kwamba damu huvutwa na damu, inakosa pa kushika. Kama kupenda watu wa rangi yako kungekuwa kwa kuzaliwa, watoto wale wangempenda mwanasesere wa kahawia. Waliikataa rangi yao wenyewe, na hakuna aliyewakalisha darasani akawaambia waikatae. Waliisoma kwenye maisha: nani anaketi wapi, nani anamwinamia nani. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu ya kukomesha shule za kutenga watoto kwa rangi, andiko la Kenneth Clark lilikuwa kati ya kazi ilizozitaja.

Jambo hilo limeonekana hata pasipo rangi ya ngozi. Rebecca Bigler alishirikiana na walimu kuwavalisha watoto fulana za rangi mbili. Katika madarasa mengine fulana zilivaliwa tu, mwalimu hakuzitaja. Katika madarasa mengine mwalimu alizitumia kupanga shughuli: wa bluu wapange mstari huku, wekundu huku. Hakulisifu kundi lolote. Katika utafiti wake na Meagan Patterson uliotoka 2006, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, upendeleo wa kundi ulikuwa mkubwa zaidi pale ambapo mwalimu alikuwa akizitaja rangi. Niliposoma hilo niliacha kusema "wavulana huku, wasichana huku" darasani kwangu. Ni sentensi niliyokuwa nimeitumia maelfu ya mara.

Na mwili nao husema. Luigi Castelli na wenzake huko Italia waliwaonyesha watoto wadogo Wazungu video ya mtu mzima Mzungu akizungumza na mtu mweusi. Maneno ya mtu huyo yangeweza kuwa mazuri. Kama alikaa mbali na kukwepa kutazamana macho, watoto waliufuata mwili, si maneno. Ndiyo maana lile finyo la kwenye foleni haliniishi akilini.

Malezi nayo yanapopungukiwa

Msije mkadhani basi mzazi humimina ubaguzi ndani ya mtoto kama maji ndani ya mtungi. Juliane Degner na Jonas Dalege walikusanya mwaka 2013 tafiti 131 zenye jozi zaidi ya 45,000 za mzazi na mtoto. Uhusiano kati ya misimamo ya wazazi na ya watoto ulikuwepo, lakini wa kiasi tu. Wapo watoto wa wazazi waadilifu wenye maneno machafu, na wapo waliolelewa kwenye matusi ambao hawayataki. Mtoto ana walimu wengine: wenzake, skrini, barabara.

Umri pia unaingia. Tobias Raabe na Andreas Beelmann, wakijumlisha tafiti 113 mwaka 2011, waliona kwamba ubaguzi wa watoto huongezeka kuanzia miaka 2 hadi 4 na kufikia kilele kwenye miaka 5 hadi 7, kisha hushuka kidogo hadi kama miaka 10. Kama ingekuwa ni kumimina tu, ungezidi kupanda. Frances Aboud alikuwa ameshaeleza kwamba mtoto wa miaka mitano akili yake bado hupanga dunia kwa mafungu makubwa, hiki kizuri, kile kibaya. Akifika nane anaanza kuelewa kwamba mtu wa fungu lile anaweza kuwa mwema, na wa fungu langu mkorofi.

Wala rangi si lazima iwe ndiyo mpaka wenye nguvu kuliko yote. Katherine Kinzler na wenzake waliwaomba watoto Wazungu wa miaka mitano nchini Marekani wachague rafiki kwenye picha. Picha zilipokuwa kimya, walichagua Mzungu. Zilipoongezewa sauti, walimwacha Mzungu mwenye lafudhi ya kigeni wakamchagua mtoto mweusi anayezungumza kama wao.

Basi ushike lipi

Nimeshika malezi, na simung'unyi maneno. Mtoto huzaliwa na jicho la kupanga na moyo unaotafuta "sisi". Mstari upite wapi, na upande upi uitwe duni, hayo huyakuta huku nje.

Lakini ukishika malezi, usishike ile sura yake ya uvivu, inayosema kwamba tusipotaja rangi mtoto hataijua. Hiyo naiona hatari kuliko hata ile ya hulka. Anayeamini hulka angalau anatazamia tatizo, na hatajilaumu bure mtoto akitoa neno la aibu. Kosa lake ni kukata tamaa, au kujipa udhuru: "ndivyo tulivyoumbwa". Anayenyamaza anaamini ametimiza wajibu, na huku mtoto anaendelea kusoma nani anaketi wapi, bila mtu wa kumsaidia kulielewa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Sura za watu mbalimbali zimfikie mtoto mapema, na ziwe na majina. Watafiti wa timu ya Kang Lee waliwafundisha watoto wa chekechea wa China kuwatambua watu weusi mmoja mmoja kwa jina, badala ya kuwaona kama kundi, na upendeleo wao wa ndani ukapungua. Mafunzo yaliporudiwa, matokeo yalidumu kwa miezi kama miwili. Miwili, si ya kudumu, maana yake ni kazi ya kila siku. Kukaa pamoja tu hakutoshi. Gordon Allport alisema tangu 1954 kwamba watu wakutane wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, wakishirikiana, na wakubwa wakiunga mkono, na tafiti 515 zilizokusanywa na Thomas Pettigrew na Linda Tropp mwaka 2006 zilionyesha kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki, na hupunguza zaidi masharti hayo yakiwepo. Mtoto anayemwona mtu wa rangi nyingine daima akiwa mtumishi, au daima akiwa bosi, amekutana naye, ndiyo, lakini amejifunza kinyume.

Na mtoto akiuliza, jibu. Miezi kadhaa baada ya ile foleni, mtoto wa darasani kwangu aliushika mkono wangu wakati wa uji, akausugua kwa kidole kilekile cha gumba. Nilikunja mkono wa shati, nikaita watatu waliokuwa karibu, tukalaza mikono yetu mezani, mmoja kando ya mwingine. Nikawaambia kuna kitu ndani ya ngozi kinaitwa melanini, karibu kila mtu anacho, mwingine kingi, mwingine kidogo, na kinamkinga na jua. Alisugua wa kwangu, akasugua wa rafiki yake, akamalizia na wa kwake mwenyewe.

"Kumbe na wangu hautoki," akasema, akarudi kwenye uji wake.